Maneno ya Sinema kwa Kingereza, na Namna Yanavyotudanganya

Padri mmoja, rafiki yetu, alitaka kuwaonyesha vijana wa parokia yake filimu moja ya Kingereza, na kutoa ndani yake vipande viwili vitatu vya kufundishia. Alijua vema kwamba kila filimu ina mwenyewe, na kwamba haifai kuitumia hivyo bila ruhusa. Basi akaandika barua ya heshima, kwa Kingereza safi, akaipeleka kwa mtu aliyetajwa katika filimu ile kama «editor». Akangoja. Baada ya miezi mitatu jibu likafika: bwana yule alimshukuru sana, lakini akamwambia kwamba yeye hana haki yoyote juu ya filimu ile, kazi yake ilikuwa kukata picha na kuziunga, na kazi hiyo ilikwisha zamani. Sikukuu ya vijana ilikuwa imekwisha pita.

Kosa lilitoka wapi? Rafiki yetu aliandika Kingereza, lakini alifikiri Kifransa. Kwa Kifransa «éditeur» ni yule anayetoa kitabu na kukieneza, mwenye haki juu yake. Waingereza wanamwita huyo «publisher». Na «editor» wao, katika mambo ya sinema, ni fundi ambaye Wafransa wanamwita «monteur»: ndiye anayekaa mbele ya mashini, anachagua picha zilizo njema, anaacha zilizo mbaya, anaunga hii na ile mpaka hadisi inapata mwendo wake. Fundi huyo ana uwezo mkubwa juu ya filimu, lakini mwenye filimu si yeye.

Hatumcheki ndugu yetu, kwa maana sisi wenyewe tumejikwaa mara nyingi pahali palepale. Sisi watu wa Kongo tunaingia katika Kingereza kwa mlango wa Kifransa. Ni faida kubwa, kwa sababu maneno mengi ya Kingereza yalitoka katika Kifransa na Kilatini, nasi tunayatambua mara moja. Lakini ni hatari vilevile, kwa sababu neno linaweza kuvaa nguo ileile na kuwa na moyo mwingine. Waseminari wanaokwenda Nairobi kusoma filozofia au teolojia, masista wanaotumwa huko kujifunza kazi ya hospitali, katekista anayepewa kijitabu cha Kingereza pamoja na filimu yake: wote wanakutana na maneno hayo. Na neno la sinema lina ubaya wake wa pekee: halionekani kuwa gumu. Mtu akikutana na neno la teolojia asilolijua, anafungua kamusi. Akikutana na «scene» au «location», anapita upesi akizani amefahamu.

Tutatumia filimu mbili kama darasa letu, kwa sababu zote mbili zilipigwa kwetu Kongo. Ya kwanza inaitwa The African Queen. Ilitengenezwa mwaka wa 1951, sehemu moja kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville, mji unaoitwa leo Ubundu, sehemu nyingine katika Uganda, na sehemu nyingine katika Uingereza. Wachezaji wake wakubwa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ya pili inaitwa The Nun's Story. Ilipigwa mwaka wa 1958 upande wa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na katika Ulaya. Ikatoka mwaka wa 1959. Inaeleza maisha ya mtawa mmoja Mbelgiji, Sista Luke, mwuguzi, na mchezaji wake ni Audrey Hepburn. Wanawake hawa wawili wana jina moja la Hepburn, lakini si ndugu. Wasomaji wetu wazee labda waliiona filimu hii kwa Kifransa, kwa jina la Au risque de se perdre.

Tusimame kidogo juu ya neno «nun», ingawa si neno la sinema. Kwa sheria ya Kanisa, yule anayeitwa kwa Kilatini «monialis» ni mtawa wa monasteri. Anayefanya kazi ya hospitali au ya shule ni «soror». Waingereza wanajua tofauti hiyo katika vitabu vyao, lakini barabarani wanasema «nun» kwa wote wawili. Sista Luke anayewatunza wagonjwa katika Kongo ni «sister» kweli. Jina la filimu limefuata midomo ya watu. Na jambo liwe gumu zaidi: katika hospitali za Uingereza «sister» ni mkubwa wa wauguzi, hata kama ana bwana na watoto.

Sasa tuulize: filimu ni ya nani? Hapa kuna maneno mawili yanayochanganywa kuliko yote, «director» na «producer». Mseminari akisikia «director» anafikiri mara moja mkubwa wa nyumba, kwa kuwa kwa Kifransa «directeur» ni mwenye kuongoza shule au ofisi. Kwa hiyo anazani kwamba «director» ndiye mwenye kampuni ya sinema. Sivyo. «Director» wa filimu ni yule ambaye Wafransa wanamwita «réalisateur» au «metteur en scène»: anawaonyesha wachezaji namna ya kusema na ya kusimama, anaamua kamera iwekwe wapi, anasema tuanze, anasema tukate, anasema turudie. «Producer» ni mwenye kuchukua kazi yote tangu mwanzo mpaka itimie: anatafuta feza, ananunua haki ya kitabu, anaandika watu kazi, anapanga siku na safari, na mwishowe ndiye anayeulizwa juu ya gharama. Katika The African Queen «director» alikuwa John Huston, na «producer» alikuwa Sam Spiegel. Huston aliongoza wachezaji msituni. Spiegel alipashwa kupata feza za kuwafikisha watu na mashini katika msitu ule. Katika The Nun's Story, Fred Zinnemann alikuwa «director» na Henry Blanke «producer».

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika zawadi za Oscar zinazotolewa Marekani. Iko zawadi ya «director», na iko zawadi ya filimu bora, ambayo wanaoipokea ni ma-«producer». Mwaka wa 1960 The Nun's Story haikupata zawadi hata moja, ingawa ilitajwa katika mambo manane. Iliyoshinda ni Ben-Hur. William Wyler alipewa zawadi yake kama «director». Lakini «producer» wa Ben-Hur, Sam Zimbalist, alikuwa amekufa Roma mwaka wa 1958, kazi ikiwa ingali inaendelea; zawadi ya filimu bora ilipokelewa na mjane wake. Wala tusimwite «director» kwa Kingereza «realiser», kama tulivyosoma katika karatasi moja: «to realise» kwao ni kutambua jambo, na neno lile halipo katika sinema yao. Mwingine tena ni «director of photography», anayeitwa pia «cinematographer». Huyo ni fundi mkubwa wa mwanga na wa kamera, na anafuata amri za «director». Katika The African Queen alikuwa Jack Cardiff.

Turudi mara moja kwa fundi wa kukata na kuunga. Kazi yake Wafransa wanaiita «montage», Waingereza «editing». Lakini Waingereza nao wana neno «montage», ila wamelibana. Kwao ni vipande vifupi vingi vinavyofuatana upesi kuonyesha wakati unaopita: karatasi za kalenda zinaanguka, gari la moshi linakwenda, mtoto amekuwa kijana. Basi ukisoma mahali kwamba filimu ina «montage» nzuri, mwandishi anasifu dakika moja au mbili, si filimu nzima.

Neno lililotuchekesha zaidi ni «location». Mwanafunzi mmoja aligeuza maneno «filmed on location in the Congo» hivi: filimu hii ilikodishwa katika Kongo. Kifransa chake kilikuwa sawa kabisa: «location» ni kupangisha nyumba au kukodisha gari. Kwa Kingereza «location» ni mahali, na «on location» maana yake watu walitoka katika studio, wakaenda mahali penyewe, penye mto wa kweli na mbu wa kweli. Kinyume chake ni «set», yaani nyumba au barabara iliyojengwa kwa mbao na rangi kusudi ipigwe picha tu. Filimu moja inaweza kuwa na vyote viwili. Katika The African Queen mto ni mto wa Afrika. Lakini pale Bogart anaposhuka ndani ya maji katikati ya matete na kuvuta mashua kwa kamba, yale ni maji ya tangi katika studio za Isleworth, karibu na London, kwa kuwa maji ya huku yaliogopwa sababu ya magonjwa. Katika The Nun's Story mambo ya Kongo yalipigwa Kongo, lakini vyumba vya ndani vya nyumba ya watawa vilijengwa katika studio za Roma. Mtazamaji haoni mshono.

Tena, «on location in the Congo» haina maana ya kwamba watu tunaowaona ni Wakongo. Katika The Nun's Story wako Waafrika wawili wanaosaidia hospitalini, Kalulu na Illunga. Majina ni ya kwetu, hasa lile la Illunga ambalo kila mtu wa Katanga na Kasai analitambua. Lakini mchezaji wa Kalulu alikuwa Orlando Martins, mtu wa Nigeria, na mchezaji wa Illunga alikuwa Errol John, mtu wa Trinidad. Mtu akitaka kuwaambia vijana wake kwamba filimu hiyo inaonyesha Wakongo wa mwaka wa 1958, apashwe kwanza kuuliza ni nani anayeonekana.

Hapo tumekwisha ingia katika «cast» na «crew». «Cast» ni wachezaji wote pamoja. «Crew» ni wafanya kazi wasioonekana: wa kamera, wa mwanga, wa sauti, wa nguo, wa magari. Lakini «crew» ni pia mabaharia wa chombo, na filimu yetu ya kwanza ni hadisi ya mashua! Ukisoma kwamba «the crew» waliugua tumbo kule mtoni, usiwatafute ndani ya hadisi, kwa maana mashua ile ina watu wawili tu. Wanaotajwa ni mafundi wa Huston.

Wako tena «extras», ambao Wafransa wanawaita «figurants». Ni wale wanaopita nyuma, wanaojaza soko, kanisa, kituo cha gari la moshi. Neno lenyewe linatudanganya, kwa maana sisi tukisikia «extra» tunafikiri kitu cha kuongeza, kinachoweza kukosekana. Kumbe soko bila watu si soko. Mwanzoni mwa The African Queen kuna kanisa la wamisionari Waprotestanti, na Waafrika wengi ndani yake wakiimba. Nyuso zao zimeonekana dunia nzima kwa miaka zaidi ya sabini. Majina yao hayakuandikwa.

Neno lingine linatuumiza zaidi, nalo ni «character». Kwa Kifransa «caractère» ni tabia ya mtu. Kwa Kingereza «character» ni tabia pia, lakini katika sinema na vitabu ni kwanza mtu wa hadisi, yule ambaye Wafransa wanamwita «personnage». Katika The Nun's Story kuna padri mmoja, Father Vermeuhlen, anayeishi katikati ya wakoma. Anaonekana kwa muda mfupi tu, kwa hiyo kijitabu kikasema kwamba yeye ni «a minor character». Mwenye kugeuza maneno hayo mbele ya wazee wa parokia akasema: padri huyu ana tabia ndogo. Wazee waliokuwa wamekwisha kumwona padri yule akiwahudumia wakoma walikasirika, na walikuwa na haki. Walizani kijitabu kinamtukana. Kumbe kilitaka kusema tu kwamba hana sehemu kubwa katika hadisi. Kosa la namna hiyo halimalizwi kwa kucheka, maana wazee wale hawakutaka kusikia tena habari za kijitabu kile.

Kazalika «comedian». Kwa Kifransa «comédien» ni mchezaji yeyote wa tiyatro, hata anayetoa watu machozi. Kwa Kingereza «comedian» ni mchekeshaji. Zile filimu za Matamata na Pilipili, ambazo Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alizitengeneza katika Kasai katika miaka ya 1950, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, zina «comedians» kweli kwa luga zote mbili. Lakini Audrey Hepburn katika nguo ya utawa ni «comédienne» kwa Kifransa, na kwa Kingereza ni «actress». Ukimwita «comedian», msikilizaji atafikiri kwamba filimu inawacheka masista.

Tuje sasa kwa kazi ya kamera yenyewe. Wafransa wanasema «tourner», kuzungusha, kwa sababu kamera za kwanza zilizungushwa kwa mkono kama mashini ya kusaga. Waingereza wanasema «to shoot», neno lilelile la bunduki. Mtu aliyeandika kwamba «they shot the children in front of the church» hakutoa habari ya mauaji. Watoto walipigwa picha mbele ya kanisa. Wala tusiwacheke Waingereza, kwa maana Waswahili nao wanapiga picha, wanapiga pasi, wanapiga simu, wala hakuna anayeumia.

Kutoka «to shoot» linatoka «shot». Hapa tunaomba msomaji afuate polepole, kwa sababu maneno manne yanapandana kama ngazi. «Shot» ni pigo moja la kamera, tangu inapoanza mpaka inapokatwa. Wafransa wanaliita «plan», neno ambalo kwa Kingereza ni mpango tu. «Take» ni kila mara ya kujaribu pigo lilelile: mchezaji amesahau neno, mbwa amebweka, wingu limefunika jua, basi wanarudia, na ile ni «take» ya pili, ya tatu, ya kumi. Kwa hiyo wanaandika hesabu juu ya ubao mdogo na kuupiga mbele ya kamera, kusudi yule «editor» ajue baadaye ni ipi iliyo njema. «Scene» ni tendo moja linalofanyika mahali pamoja na wakati mmoja, nalo linaweza kuwa na «shots» nyingi. «Sequence» ni «scenes» kadha zinazofuatana na kufanya neno zima. Tukumbuke mwanzo wa The Nun's Story. Msichana anavua pete yake katika chumba chake: hiyo ni «scene». Anakwenda pamoja na baba yake mpaka kwenye mlango wa watawa: hiyo ni nyingine. Zote zikiunganika mpaka mlango unafungwa nyuma yake, hiyo ni «sequence» ya kuingia utawa. Waseminari wasione neno hili kuwa geni: ni «sequentia» ile ya Misa ya Pasaka, kutoka «sequi», kufuata. Tukiri lakini kwamba Waingereza wenyewe hawashiki ngazi hii kwa ukali. Mara nyingi wanasema «scene» kwa kitu ambacho Mfransa angekiita «séquence».

Kifransa «scène» ni pia jukwaa la tiyatro. Jukwaa hilo kwa Kingereza ni «stage». Na hapa waseminari wetu wajilinde! Kwetu, baada ya filozofia, mseminari anatumwa parokiani kwa mwaka wa kujaribu kazi, na mwaka huo tunauita «stage». Ndugu mmoja aliyefika Nairobi aliwaambia wenzake kwa Kingereza kwamba mwaka uliopita alikuwa «on stage». Wakamwuliza alikuwa akicheza nini.

«Theatre» nalo lina vyumba vitatu. Kwa Mwingereza ni nyumba ya michezo inayochezwa na watu wazima mbele ya watu. Kwa Mmarekani «movie theater» ni nyumba ya sinema. Na katika hospitali za Uingereza, vilevile katika zile za Kenya na Uganda, «theatre» ni chumba cha kupasulia wagonjwa. Sista Luke katika hadisi anamsaidia daktari Fortunati kupasua. Kwa hiyo ukisoma kwamba anafanya kazi «in the theatre», hajaacha utawa wake kwa kucheza ngoma.

Lakini neno la kuogopa kweli ni «séance». Parokia zetu zinatangaza kila mara «séance de cinéma» siku ya Mungu jioni, wala hapana ubaya. Waingereza wamelichukua neno hilo kwa Wafransa na kulitumia kwa jambo moja tu: mkutano wa watu wanaokaa gizani kuita roho za wafu. Jambo hilo Kanisa limelikataza. Sasa fikiri tangazo linalobandikwa mlangoni mwa kanisa, kwa Kingereza, kuwaalika vijana wote kwenye «séance» ya Padri msaidizi, saa moja ya usiku, taa zitazimwa. Semeni «film show» au «screening», na roho zitatulia.

Wenye kupenda Kilatini watafurahi kwa «camera». Kwa Warumi ilikuwa chumba chenye dari ya mviringo. Baadaye wataalamu walisema «camera obscura», chumba cha giza ambamo mwanga unaingia kwa tundu dogo na kuchora picha ukutani, na hapo ndipo mashini ilipopata jina. Kwa Kifransa «caméra» ni ya picha zinazokwenda tu. Ya picha zinazosimama ni «appareil photo». Kwa Kingereza zote mbili ni «camera». Basi mtu akiahidi kwa Kingereza kuja na «camera» kwenye upadrisho, msizani lazima kwamba ataleta ya sinema. Na mahakama ikisikiliza neno «in camera», ni faraghani, ndani ya chumba kilichofungwa, yaani pale hasa kamera isipoingia.

Juu ya «film», «movie», «cinema» na «motion picture» hatutakawia. «Film» ilikuwa kwanza ngozi nyembamba. Jina likahamia kwenye ukanda ule mwembamba, na kutoka ukanda kwenye hadisi iliyoandikwa juu yake. «Movie» ni kifupi cha picha zinazokwenda, neno la Wamarekani, la mazungumzo. «Cinema» kwa Mwingereza ni kwanza nyumba, kisha ufundi wote. Hasemi ameona «a cinema», ila kama ameona jengo. «Motion picture» ni neno la kiofisi. Barua ya Papa Pius XI ya mwaka wa 1936, iliyoandikwa kwa maaskofu wa Marekani juu ya sinema, kwa Kingereza inasema «motion pictures»; kusema «movies» katika barua ya Papa kungekuwa kuvaa kaptula mazabahuni.

Kuna tena maneno ya filimu zinazozaliana. «Remake» ni hadisi ileile kutengenezwa upya: Cecil B. DeMille alitengeneza The Ten Commandments mwaka wa 1923, kisha akairudia yeye mwenyewe mwaka wa 1956. «Sequel» ni hadisi inayoendelea: baada ya The Robe ya mwaka wa 1953 ikafuata Demetrius and the Gladiators mwaka wa 1954, na mtumwa Demetrio yuleyule. «Prequel» inarudi nyuma, kueleza yaliyotangulia. Na «scenario» isiwapoteze: «scénario» ya Kifransa, yaani maandiko ya filimu, kwa Kingereza ni «screenplay» au «script», «scenario» yao leo ni mara nyingi namna mambo yanavyoweza kutokea, kama serikali inavyosema juu ya vita au mafuriko.

Filimu ikikaribia mwisho, majina yanapanda juu ya pazia. Wafransa wanaita «générique», Waingereza «credits». Si mikopo wala madeni: ni kumpa kila mtu sifa ya kazi yake. Ndani ya majina hayo utakuta «gaffer», mkubwa wa taa, na «best boy», msaidizi wake wa kwanza, ambaye anaweza kuwa mzee wa miaka sitini, au mama. Na «trailer» ni filimu fupi ya kutangaza nyingine. Kwa asili neno hilo ni kitu kinachokokotwa nyuma, kama lile gari linalofungwa nyuma ya lori. Zamani matangazo hayo yalionyeshwa baada ya filimu. Leo yanatangulia, jina limebaki nyuma.

Rafiki yetu Padri aliitazama filimu yake mara ya pili, safari hii akisoma «credits» mpaka mstari wa mwisho kabisa, pale penye herufi ndogo zinazotaja mwaka na mwenye haki. Palikuwa na jina la kampuni ya «producer». Aliandika barua ya pili, akaeleza vipande gani anavitaka, dakika ngapi, kwa watu wangapi, na kwamba hatatoza feza mlangoni. Jibu lilifika baada ya majuma matatu: vipande viwili alipewa bure, cha tatu alikatazwa, kwa sababu muziki wake ulikuwa na mwenyewe mwingine.